Mashahidi wa Yei

Nikaha haifungwi na watu wawili. Yupo bwana harusi, yupo walii anayemwoza bibi harusi, wapo mashahidi wawili, na mara nyingi yupo sheikh wa kusoma hutuba. Hapo bibi harusi mwenyewe hatujamhesabu, wala mama yake aliyepika, wala jirani aliyeazima mikeka. Kwa hiyo mtu akikuambia baba yake alioa kwa siri, muulize hiyo siri ilikuwa ya watu wangapi. Ya baba yangu ilikuwa na wenyewe wengi, na baadhi yao walikuwa wakila kwetu kila Ijumaa.

Nimekaa na habari hii kwa miaka, na nimeona kwamba kila ikizungumzwa ndoa ya siri, maneno huishia kwa watu watatu: mume, mke mkubwa na mke mdogo. Nani mkosaji, nani kaonewa, nani kamchukulia nani mume. Kwetu hayakwenda hivyo. Mama yangu aliacha kumchukia mke mwenzake mapema kuliko tulivyodhani. Waliomshinda ni mashahidi.

Sisi ni watu wa Oli, mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mama ni Mnubi wa hapo hapo, baba Mkakwa wa Koboko. Kiswahili tulilelewa nacho barazani, sokoni na msikitini, Kinubi kilikuwa cha jikoni, na Kikakwa tulikisikia baba akipokea wageni. Anayewajua Wakakwa anajua kwamba wakoloni walipochora mipaka waliwakata mapande matatu: wengine wakabaki Uganda, wengine Kongo, wengine Sudan. Yei ya Sudan Kusini, ambayo kwenye ramani ni nchi nyingine, kwa baba ilikuwa kama kwenda kwa wajomba. Tena si kwa maneno tu. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka 1979, na majeshi yakaja kulipiza kisasi Nile Magharibi mwaka uliofuata, watu wa huku walikimbilia Sudan na Zaire kwa maelfu. Baba alikuwa kijana. Familia yao ilipokewa na mzee mmoja nje kidogo ya Yei, akawapa shamba la muhogo na mahali pa kujenga. Walirudi nyumbani Museveni alipokwisha kushika nchi.

Nayasema haya mapema kwa sababu mke wa pili wa baba ni binti wa mzee yule.

Baba alifanya biashara ya njia ya Kaya, mji wa mpakani upande wa Sudan. Waasi wa SPLA walipouteka mji wa Yei mwaka 1997, wafanyabiashara wa Arua hawakungoja amani isainiwe. Unga, sukari, sabuni, chumvi, magodoro: kila kitu kilitoka huku. Alianza na mzigo wa kupakia kwenye gari la mtu, baadaye akapata Fuso lake, kuukuu, linalochemsha maji kila mlima. Barabara ya Koboko hadi Oraba enzi hizo haikuwa na lami, na mvua zikinyesha gari lililala porini. Akikawia, hakuna aliyeuliza. Na hapa niseme jambo: watu husema mwanamke hushtuka mara moja mumewe akiwa na nyumba nyingine. Labda kwa mume wa ofisini. Mume wa njia ya Kaya ana udhuru tayari kila siku. Daraja limekatika, askari wa mpakani wamezuia gari, mteja hajalipa.

Dalili zilikuwepo, lakini hazikuwa za aina ya kumfanya mtu ashuku. Moja ni mashati. Baba aliondoka na mashati matatu yaliyopigwa pasi na mama, mikono imekunjwa kwa nyuma, kola juu. Alirudi na mashati safi. Mtu aliyelala kwenye gari, njia nzima vumbi jekundu, anarudi na shati lenye mstari mkononi uliosimama kama uzi wa fundi, tena limekunjwa kwa namna nyingine, mikono ikiwa ndani. Mama alisema Yei kuna dobi hodari. Aliwahi hata kumtania: huyo dobi wako angekuja Arua angetajirika.

Dalili ya pili niliishika mimi mwenyewe mkononi. Nilipomaliza shule nilipewa daftari la duka niliandike vizuri. Kila mwezi palikuwa na gharama iliyoandikwa "kodi ya stoo, Yei". Kiasi hakikuwa kikubwa, ila Ramadhani ikikaribia kilipanda. Sijawahi kusikia stoo inayopandishwa kodi kwa ajili ya Idi. Nilimuuliza baba mdogo, mdogo wake baba, aliyekuwa na duka la vipuri mkabala na letu. Akasema, "Mwenye stoo ni mzee wa dini, tunampa sadaka." Nikaandika.

Ndoa ilifungwa 2003. Tukaijua 2016.

Mwezi wa saba mwaka huo mapigano yalizuka upya Juba, na vita ambavyo tangu 2013 vilikuwa vikiizunguka Yei vikaingia Yei yenyewe na vijiji vyake. Watu wakaanza kumiminika Uganda kupitia Oraba na vichochoro vya mpakani, magodoro kichwani, mbuzi kwenye kamba. Agosti ikafunguliwa kambi ya Bidi Bidi huko Yumbe, kwenye pori ambalo wenyeji walikuwa wakilichungia na kukata mkaa, na haikuchukua hata mwaka ikawa na watu zaidi ya laki mbili na nusu. Pale Oli kila nyumba ilikuwa na mgeni. Sisi pia tulipokea watu wa baba, na mama alipika vyungu vikubwa bila kulalamika. Alikuwa akiwaambia watoto wa jirani: wale walitulisha sisi zamani, leo zamu yetu.

Siku aliyokuja yule mtoto baba alikuwa Kampala, Kikuubo, kununua mzigo. Mimi nilikuwa nyuma nahesabu katoni. Mama alikuwa amekaa kaunta na ukindu wake, anasuka tabaga, kawa la Kinubi, kwa sababu mama hawezi kukaa mikono mitupu. Akaingia mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, kandambili mbili zisizofanana, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Akatoa salamu, mama akaitikia. Akasema kwa Kiarabu cha Juba, ambacho kwa mtu wa Kinubi hakihitaji mkalimani, kwamba anamtafuta baba yake.

"Baba yako ni nani, mwanangu?"

Akataja jina la baba yangu. Si jina moja. Matatu yote, kama yalivyoandikwa kwenye leseni ya duka iliyokuwa imetundikwa juu ya kichwa cha mama.

Nilitoka nyuma. Mama hakugeuka kunitazama. Aliweka tabaga chini taratibu, akamuuliza mtoto kama amekula. Mtoto akasema hapana. Mama akanituma chapati na chai ya maziwa kwa jirani, nikaenda nikarudi, na niliporudi alikuwa ameshajua jina la mama wa mtoto, majina ya wadogo zake wawili, na kwamba yule wa mwisho, msichana, ana malaria, na simu ya baba haipatikani tangu juzi. Mtoto alikuwa amekuja na mjomba wake kwa lori la mkaa kutoka Yumbe. Mjomba alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, kwenye stendi ya boda, haya zimemshika.

Mpaka hapo mama alikuwa bado anaweza kujiambia kuna kosa. Watu hufanana majina. Mtoto wa mkimbizi anaweza kuwa ameambiwa lolote. Akanituma nimwite baba mdogo, kwa kuwa ndiye mwanamume wa ukoo aliyekuwa karibu. Baba mdogo akavuka barabara anafuta grisi mikononi, akaingia, na kabla hajasema neno mtoto akasimama, akaweka kikombe chini, akampa mkono kwa heshima zote: "Salaam aleikum, ami. Mama anakusalimu."

Sikumbuki mama alipiga kelele. Hakupiga. Alimtazama shemeji yake kwa muda, kisha akasema, "Anakujua." Basi.

Miaka kumi na mitatu. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka wetu Ijumaa ngapi ndani ya miaka hiyo! Mama alimuuguza mkewe alipojifungua kwa shida. Alimwozesha binti yake wa kwanza kwa kuuza bangili zake mwenyewe. Na wakati wote huo alikuwa akimwitikia baba mdogo anaposema, "Kaka atachelewa, gari limeharibika Kaya."

Baba aliporudi kulikuwa na kikao. Wazee wa Koboko walikuja, wajomba zetu wa Kinubi walikuja, imamu wa msikiti wetu akakaa katikati. Baba alijitetea kama wanavyojitetea wengi: dini imeruhusu hadi wanne, sikuzini, nilioa. Hilo halikuwa na mpinzani. Imamu akauliza ndoa ilifungwaje, na hapo ndipo orodha ilipotoka. Walii: kaka wa bibi harusi, yule yule aliyekuwa amesimama kwenye stendi ya boda. Shahidi wa kwanza: baba mdogo. Shahidi wa pili: dereva wa Fuso, ambaye alikuwa ameshafariki kwa ajali njia ya Koboko, na ambaye mama alimpikia chakula cha safari kila alipoondoka. Shangazi yetu mkubwa alipelekewa habari wiki hiyo hiyo, akatuma kanga.

Mmoja wa wajomba aliuliza kama ndoa ya kufichwa ni ndoa. Imamu wetu ni mtu msomi na hakutaka kudanganya upande wowote. Alieleza kwamba Imam Malik aliikataa nikaha ambayo mashahidi wameusiwa waifiche, na kwamba ipo hadithi mashuhuri inayohimiza ndoa itangazwe na dufu zipigwe. Lakini wanazuoni wengi, wakiwemo wa Shafi ambao Waislamu wengi wa upande wetu wa Afrika wanawafuata, wanasema wakiwapo walii na mashahidi wawili ndoa imetimia, hata wakitoka hapo na kufunga midomo. "Ni mke," akasema. "Na ana haki zote za mke."

Mama akamshukuru. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo wazee wa Oli hulikumbuka: "Sheikh, mimi nilikuwa na haki gani kwa shahidi?"

Imamu hakuwa na jibu la kitabuni. Alisema shahidi ana wajibu asipoteze ushahidi anapoitwa. Mama akasema yeye hakujua kama kuna kesi, angemwitaje?

Nimewasikia wanaume wengi wakieleza kwa nini walificha: nilimwogopa, nilimhurumia, nilingoja wakati mzuri. Siwakatalii, lakini kwa niliyoyaona kwenye daftari naamini kuna sababu ya chini zaidi ambayo haisemwi barazani. Ndoa ya wazi ni ghali. Aya ile ile inayoruhusu wanne inasema mkiogopa kutofanya uadilifu, basi mmoja. Uadilifu una hesabu zake: usiku kwa usiku, nyumba kwa nyumba, nguo ya Idi kwa nguo ya Idi. Mke wa kwanza akijua, anakuwa mhasibu wa hesabu hizo, na mke wa pili naye anakuwa mhasibu. Wakiwa hawajuani, hakuna wa kukagua. Baba alimwoa binti wa mzee aliyewaokoa, na sina shaka alimpenda, lakini alimwoa kwa bei ya kodi ya stoo.

Aliyelipa kilichobaki ni yule mwanamke. Hakuruhusiwa kupiga simu; alipigiwa. Hakuja Koboko babu yetu alipofariki, ingawa alikuwa mkwe wa nyumba. Na vita vilipofika, alifanya uamuzi ambao ulinishangaza zaidi nilipouelewa: alivuka mpaka na kujiandikisha kama mama asiye na mume, pamoja na watoto watatu. Akapewa kadi ya familia, turubai, sufuria na kiwanja. Angesema mume wangu ni Mganda, yuko Arua, duka lake ni lile, angeulizwa ni nani, na siri ingekwisha. Alikuwa bado anaitunza.

Ubaya wake uko hapa. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 10, inasema mtu aliyezaliwa ndani au nje ya Uganda, ambaye mmoja wa wazazi wake, au wa babu na bibi zake, alikuwa raia wa kuzaliwa, ni raia wa kuzaliwa. Tena Wakakwa wametajwa kwa jina katika orodha ya makabila ya nchi hii. Wale watoto walikuwa Waganda tangu tumboni. Walipanga foleni ya mahindi ya msaada katika nchi yao wenyewe, umbali wa saa chache kutoka duka la baba yao, kwa sababu watu wazima walikuwa wamekubaliana kunyamaza.

Baba aliishi miaka mitatu baada ya kikao. Alijitahidi. Alikuwa akienda Yumbe na kurudi, na mama alikuwa akimfungia mzigo: mafuta, sabuni, vitabu vya shule. Kuhusu kuhamia Arua, baba kila mara alisema mwezi ujao. Baba mdogo naye alikoma kuja Ijumaa. Akikutana na mama njiani alitoa salamu, mama akaitikia kwa kuwa kuitikia ni wajibu, wala hakuongeza hata "habari za watoto".

Baba alifariki 2019, presha. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya Alasiri, na mke wa pili alifika tukiwa makaburini, amepanda boda kutoka Yumbe na mtoto mgongoni. Jioni kikazuka kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria. Mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi. Anaikalia wapi? Imamu alisema asili ni nyumba ya ndoa, nyumba alimokuwa akiishi na mumewe. Shangazi akasema basi arudi Bidi Bidi. Mama, aliyekuwa ameshafungwa kitambaa cheupe, akasema kutoka chumbani, mlango ukiwa wazi ili wanaume barazani wasikie, "Huko hakuna nyumba aliyomjengea. Kuna turubai la Umoja wa Mataifa. Nyumba ya marehemu ni hii."

Wakakaa eda pamoja, chumba kwa chumba, na mapazia mawili katikati. Mimi niliyekuwa nikiwaletea mahitaji nilisikia mengi kupitia dirishani. Wiki za kwanza walizungumza mambo ya chumvi na maji tu. Baadaye mama akamfundisha kusuka tabaga kwa mtindo wa Kinubi, rangi nne zikikutana katikati, na yule akamfundisha mama kupika kisra, mkate mwembamba, kwa namna ya kwao. Walisahihishana maneno, maana Kinubi na Kiarabu cha Juba vinasikilizana lakini kila mmoja huona mwenzake ndiye anayekosea. Siku moja mama akamuuliza, bila utangulizi, "Mashati. Ni wewe?"

"Ni mimi. Pasi ya mkaa."

"Ulikuwa unakunja mikono ndani."

"Ili isipate vumbi njiani, Hajati."

Mama akanyamaza kidogo, akasema hakuwahi kufikiria hilo. Tangu hapo nguo za nyumba nzima zinakunjwa mikono ndani.

Sasa mirathi. Huku Uganda huwezi kugusa mali ya marehemu kwa kujuana tu. Unapata barua ya LC1, yaani serikali ya kijiji, cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia, unaripoti ofisi ya Administrata Jenerali, na ofisi hiyo ikiridhika inatoa cheti cha kutokuwa na pingamizi ndipo mahakama ikupe hati ya kusimamia mali. Katika fomu hizo wajane na watoto wote wanatajwa. Ugawaji wenyewe tulikubaliana ufanywe Kiislamu, mbele ya masheikh. Mahakama za kadhi Katiba ilizitaja tangu 1995, ila kwa miaka mingi zilibaki kwenye maandishi, na Waislamu wakaendelea kupelekana kwa masheikh wa wilaya.

Hesabu zikakaa hivi. Mjane mwenye watoto kutoka kwa marehemu ana thumni, moja ya nane. Wakiwa wawili wanagawana hiyo hiyo, kila mmoja moja ya kumi na sita. Kwa hiyo mama yangu, kwa ndoa ambayo hakualikwa, alipoteza nusu ya fungu lake. Kwa watoto, mvulana anachukua mafungu mawili na msichana moja. Sisi tulikuwa wavulana wawili na wasichana wawili. Yei walikuwa wavulana wawili na msichana mmoja. Bila wao, kilichobaki baada ya thumni kingegawanywa mafungu sita na mimi ningepata theluthi. Nao wakiwemo, ni mafungu kumi na moja, na changu kikashuka chini ya moja ya tano.

Majirani Wakristo walitushangaa. Kwao mtu aliyefunga ndoa kanisani hawezi kabisa kuoa wa pili, ni kosa la jinai, na yule mwanamke wa pembeni hata akivaa shela si mke. Lakini watoto wake wanarithi, kwa kuwa sheria ya nchi haiulizi mtoto amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Marekebisho ya 2022 yameweka asilimia 75 kwa watoto na 20 kwa mjane. Kwa Waislamu tunaogawana kwa sharia ni kinyume chake. Mke wa pili si tatizo, ila mtoto asiye na nikaha nyuma yake hamrithi baba. Kila kitu kinasimama juu ya nikaha. Na nikaha ya Yei haikuwa na cheti. Sheikh aliyeisoma hakuna aliyejua vita vilimpeleka wapi. Walikuwa wamebaki watu wawili duniani wanaoweza kusimama na kusema waliiona: walii, ambaye ni mjomba wa watoto na mtu angeweza kusema anawapigania wake, na baba mdogo.

Baba mdogo alinijia usiku, baada ya Isha. Tulikaa kwenye benchi nje ya duka lake. Alizunguka sana, akauliza habari za biashara, bei ya mafuta, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekupa zawadi, "Mwanangu, karatasi hakuna. Mimi naweza kukaa kimya."

Alidhani anatusaidia. Hilo ndilo sijalisahau. Hakuwa na chuki na wale watoto; walimwita ami na aliwapenda kwa kadiri yake. Hakutaka hata shilingi. Alikuwa amekaa kimya kwa ajili ya kaka yake kwa miaka kumi na mitatu, mama akaacha kumsemesha, na sasa ameona njia ya kurudi kwenye mkeka wetu: atukalie kimya na sisi.

Nilimwambia mama. Sikumshauri kitu, na sitajifanya hapa kwamba theluthi haikunipitia kichwani. Mama alikuwa amebakiza siku chache za eda. Akasema nimwambie shemeji yake asubiri. Eda ilipokwisha, alioga, akavaa gurbaba lake zuri, akaenda kwa imamu akiwa amefuatana na mke mwenzake, akaomba ushahidi usichukuliwe ofisini. Achukuliwe shahidi baada ya swala ya Ijumaa, uani mwa msikiti, kila anayetaka kusikia asikie.

Ikawa hivyo. Baba mdogo alisimama mbele ya watu aliokuwa akiswali nao maisha yake yote. Akaeleza: mwaka, mwezi, nyumba ya nani huko Yei, mahari ng'ombe wangapi na pesa kiasi gani, nani alikaa kulia na nani kushoto. Alikumbuka hata kwamba mvua ilinyesha wakahamia ndani. Sauti yake ilikuwa ya chini, na kutoka upande wa wanawake, nyuma ya uzio wa mabati, mama akasema, "Shemeji, paza sauti." Akapaza. Alipofika kwenye idadi ya ng'ombe kuna mzee aliguna, maana mahari ya Yei ilizidi ile ya mama, na hapo nilijua mjadala mwingine umezaliwa.

Masheikh waliandika. Muhtasari ukasainiwa na wote, watoto wa Yei wakatajwa kwa majina yao na jina la baba yao, na karatasi hizo ndizo zilizoanzia safari yao ya kuandikishwa uraia, ambayo ni hadithi ndefu ya foleni na picha ndogo nyuma nyeupe. Mvulana mkubwa, yule wa kandambili, sasa yuko dukani na mimi. Ni mkali wa hesabu kuliko mimi na hanipi nafasi ya kuandika "stoo" popote. Mama yake amepanga nyumba ya vyumba viwili mitaa miwili kutoka kwetu, anauza kisra asubuhi.

Kuhusu nyumba kubwa bado hatujaelewana. Dada zangu wanataka iuzwe kila mtu ashike chake, mama hataki kusikia, na sheikh amesema tusubiri. Shangazi alitumiwa salamu za Idi na mama mwaka wa pili baada ya msiba. Baba mdogo bado. Anaalikwa kwenye hitima kwa kuwa ni ndugu wa marehemu, anakula barazani na wageni, kikombe chake cha zamani kikiwa kabatini.

Mwaka jana rafiki yangu wa sokoni, mtu tuliyesoma naye, alinishika mkono baada ya Magharibi. Anaoa Ijumaa, jambo dogo tu, kwa walii wa bibi harusi huko Koboko, hataki kelele. Anahitaji shahidi mmoja, na mimi ni mtu asiyepayuka. Nikamuuliza Ijumaa hiyo mkewe atakuwa wapi. Akacheka, akasema atakuwa nyumbani, kwani angekuwa wapi? Nikamwambia nitakuja kama nikimkuta naye amealikwa.

Hakukasirika. Alinipiga bega akaenda kutafuta mtu mwingine, na kabla ya Isha alikuwa ameshampata.